Jagi la Kaburini kwa Binah

Kisiwa cha Haverly, Carolina Kusini
19 Agosti 1854

Mama,

Salamu. Hujambo? Magoti yako hayajambo? Mimi mzima, nakula na kupumua. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini ujue naiandika barua hii nimeuma meno.

Usinitafute Charleston, na shuleni kwangu usipige simu. Isome tena hiyo tarehe hapo juu. Sijalewa wala sijarukwa na akili, ingawa siku mbili za kwanza nilidhani nimerukwa.

Ulipolitoa jagi la buluu kaburini kwa Binah ukalipeleka kwenye Jumba la mabwana wa zamani, ili Bi. Pinckard awaonyeshe watalii wake, nilikwambia nini? Kisiwani hapa mtoto wa miaka mitano anajua kitu cha marehemu hakiguswi. Kikombe chake cha mwisho, taa yake, sahani yake, vyote vinakaa kaburini mpaka ardhi ivimeze yenyewe. Wewe ukanijibu, "Aa, Evalina, jagi tu hilo, na Bi. Pinckard kaliomba kwa adabu." Kwa adabu! Basi Jumatatu nikaingia Jumbani, nikalichukua, nikalirudisha. Nililiweka juu ya kaburi, na kabla sijatoa mkono, ardhi ikanitoka miguuni.

Nilipofumbua macho, kaburi hakuna. Nimekaa kwenye sakafu ya udongo, jagi mkononi, na mwanamke kasimama mbele yangu na mwiko. "We! Nani kakutuma ushike jagi langu?"

Ndiye Binah, Mama. Binah mwenyewe, mzima, na ulimi mkali kuliko wako. Nyapara wa watumwa alipoingia kuuliza mimi nani, Binah akamjibu bila kupepesa macho kwamba nimeletwa kutoka shamba la bara kusaidia kuvuna mpunga. Nyapara akanipa mundu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Jana nilificha ukurasa wa daftari langu ndani ya jagi nyapara asiuone. Kugeuka, haupo. Kama umeupata, au kama umeipata hii, nijibu kwa njia hiyo hiyo. Mchuma janga hula na wa kwao: umechuma wewe, ninakula mimi.

Mwanao,
Evalina


21 Agosti 1971

Mwanangu Evalina,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, magoti yananisumbua, Shemasi Gadson anakusalimu.

Nimeikuta barua yako ndani ya jagi asubuhi nilipokwenda kung'oa magugu. Kwanza nilikasirika, nikasema huyu kaanza michezo. Lakini mwandiko ni wako na ufidhuli ni wako, na hivyo viwili haviigizwi. Nilikaa pale kaburini nikalia mpaka kanga wa Bi. Pinckard wakanikimbia.

Nimemweleza Shemasi. Hakucheka. Aliniuliza, "Beck, umewahi kuona kaburi la watu wetu lenye chombo kizima?" Nikafikiri. Kweli, kila kikombe na kila sahani hutobolewa au huvunjwa siku ya maziko, ili mnyororo wa kifo ukatike, marehemu asirudi kuchukua mwingine. Vyote vimevunjwa isipokuwa jagi la Binah. Shemasi anasema mlango umebaki wazi, na ulipolirudisha kaburini ukaingia. Likivunjwa, utarudi. Nyundo ninayo. Sema tu.

Na ukae kwa adabu, mwanangu. Usiwatazame watu machoni. Usijibu, kama unavyonijibu mimi. Mungu ni mwema, umeangukia kwa Bwana Haverly, mwenye shamba hilo. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwaambia watalii, na kijitabu cha Jumba kinasema hivyo hivyo: huyu hakuwahi kuuza hata mtu mmoja.

Nimekufungia dawa ya homa kwenye karatasi ya siagi. Kunywa mbili asubuhi, mbili jioni.

Ni mimi mama yako


24 Agosti 1854

Mama,

Hujambo. Mimi sijambo.

Usivunje! Nasema tena, usilivunje hilo jagi mpaka nikwambie.

Leo nilitolewa shambani nikapewa sinia la pichi nipeleke barazani. Barazani alikaa huyo Bwana wako wa kwenye kijitabu, na mfanyabiashara kutoka Savannah. Binti yake Bwana anaolewa Oktoba na anataka piano. Mfanyabiashara anayo piano. Bwana anaye Hagar. Hagar ni mtoto wa Binah, wa pekee, ana miaka tisa. Mashua italeta piano tarehe kumi Septemba na kuondoka na mtoto. Wakapeana mikono, kisha Bwana akachukua pichi kwenye sinia langu, akaniambia, "Zimeiva vizuri."

Ni ile piano yenye miguu iliyochongwa zabibu, alivyoieleza mwenyewe kwa furaha. Unaijua. Unaipangusa kila asubuhi kwa mafuta ya limau, unawaambia watalii wasiweke vidole.

Nina hasira, na nyingine ni juu yako. Miaka kumi na tisa, Mama! Umesimama pale na kilemba cheupe wanachokuvalisha, ukiimba hakuuza, hakuuza. Binah anavaa kilemba kama hicho hicho kufunika sikio alilokatwa siku mumewe Quash alipotorokea kwenye mabwawa ya bara na yeye akakataa kusema njia.

Nimemwambia Binah ninakotoka. Akaniuliza, "Huko kwenu, kwenye Jumba hili, nani anapika?" Nikasema mama yangu anapika na kuwatembeza wageni. Akasema, "Bado?" Akaendelea kukoroga uji.

Jana nilivuna polepole. Mjeledi wa nyapara ulinipata begani mara moja tu, na ninaandika "mara moja tu" kama mtu anayeshukuru. Ndivyo mahali hapa panavyomfanya mtu.

Hagar ananiuliza maswali tangu asubuhi. "Kwenu wanawake wote wanasema sana kama wewe?" Nimemfundisha kuandika jina lake kwenye majivu. Anaandika, anafuta upesi, anacheka. Siondoki hapa nikamwacha apandishwe mashua kwa ajili ya piano.

Mwanao,
Evalina


27 Agosti 1971

Mwanangu,

Salamu. Sijalala tangu barua yako. Weka mafuta ya nguruwe begani, Binah atakuwa nayo.

Umenitukana, nami nimenyamaza kwa sababu wewe uko motoni na mimi niko ukingoni. Lakini nisikilize. Huyo mtoto, achana naye. Nilisahau kuwa ni wa Binah, jiwe halitaji mama. Kwenye bustani ya Jumba, karibu na waridi, pana jiwe dogo: "Hagar, mtumishi mwaminifu, alizama kwenye tufani ya tarehe 8 Septemba 1854." Ni kituo cha nne cha matembezi. Nawaambia wageni jinsi Bwana alivyomlilia, na wanawake hutoa vitambaa vya kufutia machozi.

Tufani hiyo ni kubwa, Evalina. Maji yatafunika kisiwa kizima isipokuwa Jumba. Huyo mtoto hatauzwa kwa sababu atakufa siku mbili kabla ya mashua. Imeshaandikwa. Ukimng'ang'ania utazama naye, na mimi sina mtoto mwingine.

Tarehe saba ninavunja, utake usitake. Kasirika ukiwa hapa, jikoni kwangu, ukiwa mkavu.

Mama yako


29 Agosti 1854

Mama,

Salamu ya leo niwie radhi.

Ukivunja tarehe saba nitarudi, na utakuwa na mtoto wa kumpikia. Lakini usitegemee nitakuita mama.

"Imeshaandikwa." Nani aliandika? Yule yule aliyeandika kwamba hakuuza mtu! Uongo mmoja umeuona kwa macho yako, wa pili unaubusu?

Nakuuliza swali moja, na ujibu kama mama aliyenizaa, usijibu kama kituo cha nne. Chini ya lile jiwe pana mtu?

Evalina


2 Septemba 1971

Evalina,

Chini ya jiwe hapana mtu.

Nilikumbuka mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita Bi. Pinckard alipanda waridi mpya pale, wakachimba hata kiuno cha mtu. Hapakuwa na mfupa wala msumari wa jeneza. Alisema, "Kumbe Hagar wetu hayupo," akacheka, na mimi nikacheka naye. Nilicheka, mwanangu. Nimekuwa nikiisikia hiyo sauti yangu tangu juzi.

Basi sikiliza, na haya hayako kwenye kijitabu. Nyuma ya mashamba ya mpunga, upande wa kusini, kuna kilima cha magamba ya chaza. Watu wa kale sana walikula chaza pale wakatupa magamba mpaka pakawa kilima, kina miti ya mwaloni juu. Wazungu hawakihesabu kwa sababu hakilimiki. Mwaka 1940 tufani ilipokuja nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jumba liliingia maji hadi ngazi ya tatu, na sisi tulikaa juu ya magamba, watu kumi na wanane na mbuzi, na hakulowa mtu ila kwa mvua. Bibi yako alijua njia: unafuata ukingo wa mfereji mkubwa, mkono wa kushoto, usikate katikati ya shamba.

Ondokeni tarehe saba mchana, kabla upepo haujageuka. Acheni kilemba cha mtoto kwenye mfereji kionekane. Wakiamini amezama hawatatoa mbwa.

Sitavunja. Nimeirudisha nyundo kwa Shemasi ili mkono usinishawishi. Nimekutilia kiberiti kwenye mfuko wa nailoni, na vitumbua vya mahindi viwili, ndivyo vilivyopita kwenye shingo ya jagi. Ukifika salama, niandikie. Neno moja tu linatosha.

Mama yako


14 Septemba 1971

Mwanangu,

Salamu. Natumai u mzima. Sijui nimuulize nani kama u mzima.

Nakwenda kaburini asubuhi, adhuhuri na jioni. Jagi ni tupu. Natia mkono mpaka chini kabisa kama mtu anayetafuta chumvi ya mwisho. Leo siku ya sita tangu tufani yenu.

Shemasi alikuja na nyundo na wanawake watatu wa kanisani. Wanasema nivunje, kama uko hai utarudi, kama umekufa angalau tutakuzika. Nilikaa juu ya kaburi nikalikumbatia jagi, nikawafukuza. Mmoja akasema, "Beck kapagawa." Nikamwambia, "Njoo karibu uone."

Nikivunja sasa na wewe umemshika mkono huyo mtoto ndani ya maji, je? Nani atamshika? Nilikwambia kwamba sina mtoto mwingine. Kweli sina. Lakini Binah naye hana.

Nangoja.

Mama


18 Septemba 1854

Mama yangu,

Hujambo? Shikamoo. Mimi ni mzima.

Hagar yu hai.

Sikuandika kwa sababu Binah alilifunga jagi kwenye tumbo lake kwa kitambaa, na tangu tufani walitulaza wote ghalani, macho ya nyapara juu yetu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuligusa.

Mfereji, mkono wa kushoto, kama ulivyosema. Nilimbeba mgongoni. Upepo ulipogeuka maji yalikuja upesi sana, tukafika kwenye magamba yakiwa kiunoni. Tulikaa mwalonini mpaka asubuhi ya tarehe tisa. Hakulia. Aliniuliza tu kama kwetu tunafundisha pia kuandika majina marefu. Siku ya pili mtumbwi ukaja kutoka bara, watoro wa mabwawani wakitafuta chaza kwa sababu njaa ilikuwa imewakamata nao. Mmoja alikuwa Quash. Alimtazama mtoto, akambeba, akampakia mtumbwini. Ndivyo Hagar alivyokwenda na baba yake.

Nilirudi nikijifanya nimeokoka majini peke yangu, kwa sababu Binah alikuwa hajui. Nilimwambia sikioni, na kisha tukapiga mayowe ya msiba mbele ya nyapara. Bwana alilia. Kweli alilia, hilo hawakudanganya. Alililia piano.

Mama, piano inakuja vile vile. Mfanyabiashara amekubali kumchukua mama badala ya mtoto. Mashua iliyocheleweshwa na tufani inafika tarehe 22, na Binah atapelekwa Alabama au Mississippi, hawajali kusema. Kisha Bwana akaagiza jiwe la kumbukumbu kwa mtoto. Ameyafanya mambo yote mawili kwa asubuhi moja, akala na chakula cha mchana.

Nimemwomba Binah tukimbie. Amekataa. Anasema wakitutafuta wawili watatoa mbwa, na mbwa watafika mabwawani, watamkuta mtoto aliyekwisha kufa. "Acha niwe mimi," anasema. Anasuka kikapu usiku na mchana, na mimi mwalimu mzima sina neno la kumpa. Hasira yote hii, na sina hata neno moja. Nipe wewe.

Mwanao,
Evalina


19 Septemba 1971

Mwanangu, Mungu akuweke. Neno hili hapa, mpelekee upesi kabla hawajamchukua.

Mwambie kaburi lake liko hapa.

Mwambie halipo Alabama wala Mississippi, liko hapa kisiwani, na mimi ndiye ninayeling'olea magugu. Mama yangu aliling'olea kabla yangu. Mwambie alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akiwa huru, hana wa kumuuliza aenda wapi, akaishi hapa miaka mingi na kuchagua mwenyewe pa kulala. Atakwenda, lakini hawatambakisha huko.

Mwambie Beck amesema, na Beck hasomi kijitabu tena.

Mama yako


22 Septemba 1854

Mama,

Salamu. Mimi mzima.

Nilimwambia jana. Aliacha kusuka. Akaniuliza, "Linatazama wapi?" Nikasema mashariki, kama yetu yote. Akauliza kama ni pakavu. Nikasema pakavu. Akacheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka, akasema, "Basi hao wananisafirisha bure."

Leo wamempakia. Hakuwapa hata chozi. Piano imeshushwa kwa ubao ule ule aliopandia yeye. Tumeibeba watu wanane, na mimi nilikuwa mguu wa nyuma wa kushoto. Nimeushika huo mguu wa zabibu kwa mikono miwili nikautemea mate, na kama bado una doa, ni mimi.

Jagi kaniachia. Tarehe 25 jioni Quash anakuja kwenye kilima cha magamba, nitamkabidhi ampelekee Hagar. Ni kitu pekee atakachokuwa nacho cha mama yake. Lako huko ndilo la kuvunja, la huku lazima libaki zima.

Tarehe 26 alfajiri, vunja.

Mwanao,
Evalina


25 Septemba 1971, Jumamosi

Mwanangu Evalina,

Salamu nyingi, na kwa huyo mtoto pia. Mimi sijambo. Jana nilifukuzwa kazi, na sijambo zaidi.

Walikuja watalii thelathini kutoka Ohio. Niliwapitisha vituo vyote kimya, wakanishangaa. Tulipofika kwenye piano nilivua kile kilemba, nikapiga magoti, nikautazama mguu wa nyuma wa kushoto. Doa lipo. Miaka yote nimelisugua kwa limau nikidhani ni unyevu. Nikafungua kifuniko nikawaambia, "Piano hii jina lake Binah. Bei yake ilikuwa mtu." Bi. Pinckard akasema, "Beck, hilo halimo kwenye kijitabu." Nikamwambia, "Ndiyo maana ninalisema." Kisha nikawapeleka kwenye jiwe la waridi nikawaambia hapa hajazikwa mtu, na aliyelia hapa alililia samani. Mwanamke mmoja alirudisha kitambaa chake mfukoni.

Sasa nikwambie lililoniuma kuliko yote, maana nililijua tangu utoto.

Mama yangu alikuwa msichana siku Binah alipozikwa. Alitusimulia mara nyingi. Alikuja mwanamke mgeni, mtu mzima, kutoka mbali kaskazini, amelifunga jagi la buluu ndani ya shali. Shemasi wa siku zile alipoinua jiwe avunje jagi, mgeni akamshika mkono: "Hili bado lina kazi." Kisha akapiga magoti, akamlilia marehemu, "Mama, Mama." Na watu wetu wote waliosimama pale wakasema ni heshima tu hiyo, mtu mzima kumwita mwenzake mama, kwani mtoto wa Binah si alizama? Jiwe linasema alizama. Akala nasi, akalala kwetu siku tatu, akaondoka, na hakuna aliyemuuliza jina. Mama yangu alisema tu kwamba kila alipokaa aliandika andika kwenye majivu ya meko, akafuta upesi.

Tulimkaribisha Hagar mezani, Evalina, tukaliamini jiwe. Hasira uliyonirushia ni haki yangu, na nyingine nimejiongezea mwenyewe.

Barua hii italikuta jagi analo Quash, kama ulivyosema, kwa hiyo huenda hutaisoma wewe. Basi aisome Hagar atakapojua kusoma, ajue kwamba mwalimu wake alikuwa na mama, na mama naye alichelewa lakini alifika.

Kesho alfajiri nitakuwa kaburini na nyundo ya Shemasi. Nitapiga mara moja, chini, kwenye kitako, kama inavyotakiwa. Wali na uduvi nitauacha jikoni umefunikwa. Utakuja pekupeku, najua, kwa hiyo nimekuletea viatu vyako vya kahawia. Sikuviweka kaburini, maana vya kaburini ni vya marehemu. Nimevitundika kwenye uzio, upande wa barabara ya nyumbani.

Mama yako